Daraja Limevunjika, Foleni Analipa Nani?

Nimekuwa kimya humu kwa wiki kadhaa, mnisamehe wasomaji wangu. Kazi ya gazeti ina tabia ya kula muda wa mtu wote halafu ikamrudishia maganda. Leo kuna jambo limenikaa kooni, acha nilitoe.

Msimu wa mvua uliopita nilitumwa mkoani kuandika habari ya daraja dogo lililosombwa na maji. Daraja lenyewe si la kutisha: makalavati mawili, zege juu, gari moja linapita jingine linasubiri. Nilirudi na habari yenye maneno kama mia sita. Aya mbili za mwisho zilikuwa za mama mmoja muuza nyanya ambaye sasa inabidi alipe bodaboda azungukie kijiji cha tatu ili afike mnadani, na anafika wanunuzi wakubwa wameshaondoka. Mhariri akazikata zote mbili. Nilipomwuliza, hakuinua hata macho kwenye kompyuta: "Kijana, hasara ni daraja. Hayo mengine ni usumbufu." Kesho yake gazeti likatoka na gharama za kujenga daraja jipya kama alivyozitaja mhandisi wa wilaya, basi, habari ikaishia hapo.

Sikubishana naye, maana ni mtu mzima na amenifundisha mengi. Lakini lile neno "usumbufu" lilinifuata mpaka nyumbani. Nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka mbali, hadi California na Japani, mahali ambapo madaraja huangushwa na matetemeko ya ardhi. Mtaniuliza, mafuriko na tetemeko wapi na wapi? Ni hivi: mafuriko hula daraja taratibu, na kila ofisi inakuwa na maelezo yake. Tetemeko huangusha madaraja kadhaa kwa mpigo, ndani ya sekunde zisizofika dakika moja, na jiji likiamka linalazimika kuishi bila madaraja hayo. Jana yalikuwepo, leo hayapo. Kwa mchumi, hiyo ni nafasi adimu ya kukaa na kuhesabu. Na wamehesabu kweli. Wana jina lake kabisa: hasara zisizo za moja kwa moja. Zile za moja kwa moja ni zege na nondo. Hizi nyingine ni kila kinachosimama, kinachochelewa au kinachozunguka kwa sababu zege halipo.

Kwa hiyo yule mama wa nyanya ana jina kitaalamu. Nilifurahi kidogo, nikaendelea kusoma.

Tuanze na Los Angeles. Jumatatu ya tarehe 17 Januari 1994, saa 10 na dakika 31 alfajiri, ardhi ilitikisika katika kitongoji cha Northridge na viunga vyake kwa kipimo cha 6.7. Ilikuwa sikukuu ya kumkumbuka Martin Luther King, kwa hiyo barabara zilikuwa tupu kuliko kawaida. Hesabu ya serikali wakati ule ilitaja watu 57 waliokufa. Mmoja wao alikuwa polisi wa pikipiki, Clarence Wayne Dean, aliyekuwa anakimbilia kazini gizani na hakuona kwamba barabara ya juu mbele yake imekatika. Makutano yale, ya barabara ya I-5 na ile ya 14, yalikuwa yamewahi kuanguka kwenye tetemeko la 1971 yakiwa bado yanajengwa. Yakajengwa tena, yakaanguka tena. Leo yana jina la huyo askari.

Lakini daraja lililoliza jiji kiuchumi lilikuwa jingine. Barabara ya Santa Monica, I-10, ilianguka pale inapopita juu ya mitaa ya La Cienega na Venice. Ni kipande kifupi tu. Shida ni kwamba zaidi ya magari 300,000 yalikuwa yanapita hapo kwa siku, na barabara hiyo ilihesabiwa miongoni mwa zenye shughuli nyingi kuliko zote duniani. Kinachouma zaidi ni kwamba wahandisi wa jimbo walikuwa wanajua. Nguzo zile zilikuwa kwenye orodha ya kusubiri kuimarishwa. Kwingineko katika mji ule ule, nguzo zilizokuwa zimeshavishwa koti la chuma zilisimama.

Ofisi ya Gavana Pete Wilson ikakadiria kwamba kila siku I-10 inapobaki imefungwa, uchumi wa eneo lile unapoteza zaidi ya dola milioni moja. Hesabu za namna hii kwa kawaida hufanywa hivi: unachukua magari yote, unazidisha na dakika ambazo kila gari linapoteza kwa kuzunguka, unazibadilisha kuwa masaa, unazidisha na thamani ya saa moja ya mtu aliyemo ndani, halafu unaongeza mafuta yanayoungua kwenye foleni. Ukitaka kwenda mbele zaidi, unaongeza mzigo uliochelewa kiwandani, duka lililokosa wateja, kibarua aliyefukuzwa kwa kuchelewa mara tatu. Hapo mwisho ndipo wachumi huanza kutofautiana, na wengi huishia kwenye dakika na mafuta.

Walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Southern California, Peter Gordon na Harry Richardson, walijaribu kwenda mbele. Wao na wenzao waliyauliza makampuni yenyewe yalipoteza nini na kwa sababu gani. Walichokuta ni kwamba sehemu isiyo ndogo, kama robo hivi, ya fedha zilizopotea kwa biashara kusimama haikutokana na majengo kubomoka. Ilitokana na usafiri. Maana yake kuna watu ambao ofisi yao haikupata hata ufa, lakini walipata hasara kwa kuwa mfanyakazi hakufika, au mteja hakufika, au boksi halikufika.

Sasa angalieni ile milioni moja kwa siku ilifanya kazi gani, maana hapa ndipo nilipokaa kitako. Serikali ilimpa kazi mkandarasi C.C. Myers kwa dola milioni 14.9, na muda wa siku 140. Katika mkataba wakaweka sharti: kila siku atakayowahi ataongezewa dola 200,000, na akichelewa anakatwa kwa kiwango kama hicho. Jamaa hakulala. Kazi ilifanyika usiku na mchana, mabingwa wa kufunga nondo walitafutwa kwa tochi, treni maalumu ilikodiwa kuleta vyuma. Tarehe 12 Aprili 1994 barabara ikafunguliwa, siku 66 tangu kazi ianze, siku 74 kabla ya muda. Piga hesabu: bonasi ikafika dola milioni 14.8, karibu sawa na bei ya kazi yenyewe.

Watu walipiga kelele, kama ambavyo sisi tungepiga. Lakini ukiuamini ule mwongozo wa milioni moja kwa siku, siku 74 ni dola milioni 74 zilizookolewa kwa bonasi isiyofika milioni 15. Ile ambayo mhariri wangu anaiita usumbufu iliandikwa kwenye mkataba, ikapewa bei, ikasainiwa. Hilo ndilo nililotaka kumwonyesha.

Ila kadiri nilivyosoma, nilianza kuona kwamba kuhesabu nako kuna mambo yake. Rudini kwenye ile kanuni. Thamani ya saa inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye mshahara. Foleni ya wenye mishahara minono ina gharama kubwa kwenye karatasi, na foleni ya wachuuzi ina gharama ndogo, hata kama mchuuzi ndiye atakayelala njaa. Barabara ikiwa na magari mengi na watu wenye fedha, hasara yake kwa siku inakuwa kubwa, bonasi inapatikana, treni ya vyuma inakodiwa. Ikiwa kinyume chake?

Kinyume chake kipo, na kiko katika jimbo lile lile. Miaka minne na ushee kabla ya Northridge, tarehe 17 Oktoba 1989, saa 11 na dakika 4 jioni, tetemeko la Loma Prieta lenye kipimo cha 6.9 lilipiga eneo la Ghuba ya San Francisco. Watu 63 walikufa. Jioni hiyo timu mbili za eneo hilo, Giants na Athletics, zilikuwa zinacheza fainali ya besiboli, na wengi wanaamini kwamba watu kuwahi majumbani kutazama mpira ndiko kulikopunguza magari barabarani na kuokoa roho nyingi.

Daraja kubwa la Bay Bridge, linalounganisha San Francisco na Oakland tangu 1936, lilidondosha kipande cha kama mita 15 kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Kwa kipande hicho tu daraja zima likafungwa mwezi mmoja, hadi Novemba 18. Lakini treni ya BART, inayopita kwenye bomba chini ya maji, haikudhurika. Ikaanza kukimbia saa 24, na abiria wake wakapita 300,000 kwa siku. Vivuko vikarudishwa majini. Waliokuwa wakivuka Kigamboni kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016 wataelewa nikisema kwamba mji wenye njia ya pili una pumzi. Pantoni ikiharibika na njia ya pili ni kuzungukia Kongowe, hapo ndipo unajua bei ya maji ya bahari.

Na wahenga walisema kufa kufaana. Kile kivuko cha dharura kati ya Oakland, Alameda na San Francisco hakikuondoka tena daraja lilipofunguliwa, watu wakakizoea. Los Angeles nako, treni za Metrolink upande wa kaskazini zilijaa abiria ghafla baada ya Northridge, vituo vya dharura vikajengwa kwa siku chache, halafu barabara zilipofunguliwa abiria wengi wakarudi kwenye magari yao. Kwa hiyo anayehesabu hasara lazima aangalie na upande wa pili wa daftari. Alichopoteza mwenye kituo cha mafuta huku, amekipata mwenye boti kule.

Lakini Chinatown ya San Francisco hawakupata boti. Mji ule ulikuwa na barabara ya juu ya ghorofa mbili iliyopita ufukweni, Embarcadero, iliyofunguliwa 1959. Wengi waliichukia kwa kuziba bahari. Mwaka 1986 wapiga kura waliulizwa kama ibomolewe, wakakataa. Tetemeko likaipasua, ikafungwa, na Meya Art Agnos akasema sasa ibomolewe moja kwa moja. Wafanyabiashara wa Chinatown wakaja juu. Mteja wao wa mwisho wa wiki alikuwa anatoka ng'ambo ya ghuba kwa gari, anashukia kwenye mchepuko wa Broadway, ananunua samaki na mboga, anakula, anarudi. Bila barabara ile, mteja yule anaishia duka la kwao. Walihesabu hasara yao kwa meza zilizobaki tupu.

Walishindwa. Baraza la jiji lilipitisha kubomoa kwa tofauti ya kura moja, na mwaka 1991 nyundo zikaanza. Mwaka huo huo Agnos alishindwa uchaguzi, na hasira za Chinatown zilikuwa sehemu ya anguko lake. Ufukwe wenyewe ukaja kupendeza kupita kiasi: uwanja mpya wa besiboli ukafunguliwa 2000, jengo la zamani la vivuko likafunguliwa upya 2003 na kujaa wauza vyakula vya bei mbaya. Jiji likapata faida. Chinatown wakaahidiwa treni ya chini ya ardhi kama fidia ya barabara yao. Kituo chao kilifunguliwa mwaka 2022, na kimepewa jina la Rose Pak, mwanamama aliyeongoza mapambano yale. Hakukiona, alifariki 2016. Tangu tetemeko hadi treni ni miaka 33. Tafuteni mchumi awaambie hiyo ni dola ngapi kwa siku.

Ng'ambo ya pili, Oakland Magharibi, hadithi ilikuwa nzito kuliko zote. Barabara ya juu ya Cypress, ghorofa mbili, ililala juu ya nafsi yake. Kati ya wale 63 waliokufa, 42 walikufa hapo. Wa kwanza kupanda na ngazi na kamba kuwatoa watu kwenye magari walikuwa wakazi wa mitaa ya chini yake na wafanyakazi wa viwanda vya jirani, wengi wao Wamarekani weusi maskini ambao barabara ile ilikuwa imewapita juu ya vichwa tangu 1957. Ilipojengwa ilivunja nyumba zao na kukata mtaa wao katikati. Kwa miaka 32 walipata moshi na kelele, magari yakapata njia.

Ilipoanguka, jimbo lilitaka kuijenga pale pale. Kwa hesabu ya masaa na mafuta hilo lilikuwa jibu la wazi: ndiyo njia fupi. Wakazi wakasema hapana. Kwao hasara ilianza siku daraja lilipojengwa. Walipigania mpaka njia ikahamishwa, ikazungushwa upande wa reli na bandari. Barabara mpya ilifunguliwa 1997, ikiwa imegharimu zaidi ya dola bilioni moja. Los Angeles siku 66, Oakland miaka minane.

Hapa nakiri nilikwama. Nilianza kusoma ili nimshinde mhariri, nije nimwambie kwamba kila siku daraja linapokuwa chini ni fedha inapotea, kwa hiyo lijengwe haraka. Oakland imenivuruga. Ukihesabu foleni peke yake, wale wakazi waliligharimu eneo zima mamilioni kwa kubisha. Ukihesabu na mapafu ya watoto wao, sijui. Pale ilipokuwa imesimama Cypress sasa kuna barabara pana ya chini, yenye miti na njia ya kutembea katikati. Inaitwa Mandela Parkway.

Na kuna hasara ambayo haraka yoyote haiponyi. Mwaka mmoja kamili baada ya Northridge, tarehe ile ile 17 Januari, mwaka 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, Kobe ilipigwa. Watu 6,434 walikufa, wengi ndani ya nyumba za mbao. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya barabara ya juu ya Hanshin, mita 635 zimelala ubavu kama mlevi. Ilifunguliwa tena Septemba 30, 1996, na huo ni mwendo wa kasi kwa kazi ya ukubwa ule.

Lakini Kobe ilikuwa bandari. Mwaka 1994 ilikuwa ya sita duniani kwa makontena. Gati zake nyingi zilikuwa kwenye visiwa vya kujengwa na binadamu, Port Island na Rokko Island, vinavyofikiwa kwa madaraja. Gati zikapasuka, kreni zikainama, na madaraja ya kuingilia visiwani nayo yakaharibika. Hata pale kreni ilipoweza kusimama, lori litapita wapi? Meli haziwezi kukaa baharini zikisubiri. Zikaenda Osaka, Yokohama, na zile zilizokuwa zinashusha mzigo Kobe ili upakiwe kwenye meli nyingine kwenda mbele zikahamia Busan, Korea Kusini. Bandari ikatengenezwa kwa kama miaka miwili, ikawa nzuri kuliko mwanzo. Ule mzigo wa kupita haukurudi. Kobe ikaporomoka hata thelathini bora haimo. Makontena yake yaliipita rekodi ya 1994 mwaka 2017, miaka 23 baadaye, na mwaka huo Busan peke yake ilihudumia zaidi ya milioni 20, karibu mara saba ya Kobe.

Niwe mkweli: wapo wanaosema Busan ilikuwa inakuja tu, kwa kuwa ilikuwa na bei nafuu, na tetemeko liliharakisha kilichokuwa njiani. Nadhani wana hoja. Lakini sisi wa Dar es Salaam, tunaogombea mzigo wa Zambia na Kongo na Beira, Durban na Mombasa, tunajua mteja akishaonja njia nyingine na ikamkubali, kumrudisha ni kazi. Mama yangu wa nyanya aliniambia jambo hilo hilo kwa maneno machache: mnunuzi wake wa jumla ameshapata mtu mwingine, upande wa pili wa mto.

Sentensi hiyo ilikuwa kwenye ile aya iliyokatwa. Bado ninayo kwenye daftari, pamoja na nauli ya bodaboda ya kabla na ya baada. Nimesikia mkandarasi amepatikana na kazi imeanza. Jumamosi hii nikipata ruhusa nitapanda basi la asubuhi niende nikaulize tena, safari hii nianze na wauzaji, mhandisi nimtafute mchana.